Mtoto wa Dada Yangu ni Mtoto Wangu: Amri ya Nane Mbele ya Fomu za Uhamiaji

Mhariri aliniomba niandike juu ya maadili ya Kikristo kwa mwanafunzi aliye mbali na nyumbani, na najua wengi mnategemea yale ya kawaida: pombe, wasichana, kulala Jumapili asubuhi wakati wenzenu wako ibadani. Hayo wachungaji wanayaweza kuliko mimi. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, nina miaka 30, na nataka kuzungumzia jambo ambalo karibu kila mmoja wetu amelipitia lakini hatulisemi hadharani: uongo wa kwenye makaratasi.

Waliokaa Uingereza wanalijua neno "kujilipua". Mtanzania anafika uwanja wa ndege, pasipoti inapotea kimiujiza, anajiandikisha kuwa Msomali au Mrundi, na kuanzia siku hiyo ana jina jipya na vita ambayo hakuwahi kuiona. Tulikuwa tunacheka hadithi hizo. Mimi niliacha kucheka mwaka 2023, pale Vickery Meadow.

Kwa msiopafahamu, Vickery Meadow ni mtaa wa Dallas, upande wa kaskazini-mashariki, ng'ambo ya barabara kuu ya Central ukitokea kwenye maduka ya kifahari ya NorthPark. Apatimenti zake nyingi zilijengwa miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya vijana wasio na familia. Uchumi wa Texas ukayumba miaka ya 1980, kisha sheria ya mwaka 1988 ikawakataza wenye nyumba kuwakataa wapangaji wenye watoto, na taratibu mtaa ukawa wa familia. Mashirika ya kupokea wakimbizi nayo yakaona hapo pana nyumba za kupanga, pana basi na treni. Wakaja Waburma, Wabhutani, Wairaki, Waeritrea, Wasomali, Warundi, Wakongo. Ukishuka kituo cha Park Lane Jumamosi asubuhi, haichukui muda kabla hujasikia Kiswahili cha Uvira au Fizi. Wengi wamepita Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kigoma mwaka 1996, na watoto wao wakubwa wamezaliwa huko. Kiswahili chao kina Kasulu ndani yake, na mimi mtu wa Iringa hujisikia nyumbani kabisa. Huwa naenda kusaidia kutafsiri barua za shule, za hospitali na za mwenye nyumba. Silipwi, ila silali njaa.

Siku hiyo mama mmoja wa Fizi (nitamwita Mama tu, na mengine nimeyabadilisha asitambulike) alinipa chai na maandazi, halafu akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na fomu I-730. Ndiyo fomu ambayo mtu aliyeingia Marekani kama mkimbizi huijaza ndani ya miaka miwili tangu afike, ili mume au mke wake, na watoto wake walio chini ya miaka 21 wasiooa wala kuolewa, wamfuate. Alitaka kumleta kijana wa miaka 13 aliyebaki Nyarugusu na bibi yake.

"Ni mtoto yangu," alisema. Nikaanza kumsomea maswali: alizaliwa wapi, tarehe gani, baba yake nani. Kwenye baba ndipo akanyamaza. Kijana ni wa dada yake. Dada alifariki mtoto akiwa hajaota meno, na Mama ndiye aliyemlea, kwa uji wa mgao na maziwa ya kuomba.

Fomu ile inamjua mtoto wa kuzaa. Inamjua mtoto wa kambo, kama ndoa ilifungwa kabla hajafikisha miaka 18, na mtoto aliyeasiliwa kisheria kabla ya miaka 16, kwa masharti yake. Mtoto wa marehemu dada yako hayumo.

"Basi andika wa kuzaa."

"Mama, siyo wa kuzaa."

"Nani alimzaa, hilo sijalisema. Nakuambia nani ni mama yake." Akaniangalia. "Wewe mwenyewe nakuita mwanangu tangu ulipoingia mlango huo. Ni uongo?"

Jamani, mngemjibuje? Maana hata Kiswahili kiko upande wake. Dada wa mama kwetu ni mama mkubwa au mama mdogo, hakuna neno jingine. Kijana yule akimwita Mama "mama" hakosei sarufi wala hakosei heshima. Na kwenye fomu kuna sehemu ya mkalimani kutia sahihi yake kwamba amemsomea mhusika na mhusika amethibitisha majibu. Sahihi yangu, na jina langu, mwenye viza ya mwanafunzi. Sitawaficha: hofu ya kwanza iliyonijia ilikuwa ya viza. Amri za Mungu zilikuja baadaye, kwenye treni.

Tulipokuwa kipaimara tulikariri amri ya nane kama amri ya kutosema uongo. (Walutheri na Wakatoliki tunaihesabu ya nane, Waanglikana na ndugu zetu walokole wanaihesabu ya tisa. Amri ni ileile.) Lakini ukiisoma Kutoka 20:16 taratibu, inazungumzia ushahidi, na inamtaja jirani. Mazingira yake ni langoni mwa mji, wazee wameketi, mtu ameshtakiwa. Hakuna alama za vidole wala upelelezi. Neno la mashahidi wawili au watatu linatosha kumwachia mtu au kumpiga mawe. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 19 inaagiza shahidi wa uongo apewe adhabu ileile aliyotaka impate mwenzake. Na ndiyo maana kisa cha Nabothi katika 1 Wafalme 21 kinatisha: watu wawili walisimama wakasema maneno ya kupangwa, jioni mwenye shamba alikuwa maiti na shamba limepata mwenyewe mpya. Kwa hiyo amri ina maswali mawili. La kwanza, je, ulichosema ndivyo kilivyo? La pili, nani ataumia tukikuamini?

Nilimweleza haya rafiki yangu wa maabara, Mkenya, mlokole kuliko mimi. Alinijibu kwa Biblia vilevile. Shifra na Pua, wale wakunga wa Kutoka 1, walimdanganya Farao mchana kweupe ili watoto wa kiume wa Waebrania wasiuawe, na Mungu akawatendea mema. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini akawaambia askari wameshaondoka, na Agano Jipya linamsifu mara mbili, kwenye Waebrania na kwenye Yakobo. "Sasa wewe," akasema, "unamnyima mama wa watu mtoto kwa sababu ya kisanduku kimoja kwenye fomu?"

Hoja yake si ya kupuuzwa. Kanisa limebishana juu yake muda mrefu. Agostino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja karibu mwaka 395 na kingine karibu 420, na msimamo wake ni mgumu kama zege: usiseme uongo kamwe, hata kuokoa maisha. Kwake wakunga walipata thawabu kwa huruma yao, siyo kwa uongo wao. Miaka mingi baadaye Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyenyongwa na Wanazi Aprili 1945, aliacha insha ambayo hakuimaliza juu ya maana ya kusema kweli. Anatoa mfano wa mwalimu anayemuuliza mtoto mbele ya darasa zima kama ni kweli baba yake hurudi nyumbani amelewa. Ni kweli, lakini mtoto anakataa. Bonhoeffer anaona mwalimu hakuwa na haki ya swali lile, na kwamba mtoto, hata kama amekosea maneno, ameilinda kweli ya nyumba yao. Mimi kati ya hao wawili niko karibu zaidi na Bonhoeffer. Askari akija kuuliza nani kajificha uvunguni, kama ilivyokuwa Rwanda mwaka 1994, simdai mtu yeyote kweli.

Ila ofisa wa fomu I-730 siye askari wa Farao. Farao alitaka mtoto afe. Huyu anauliza nani ni nani, na anachoandika kwenye faili moja kinaamua namna atakavyoyasoma mafaili mengine elfu. Na katika Biblia kuna mtu aliyekutana hasa na ofisa wa namna hiyo, akiwa amekimbia njaa, mpakani, na familia yake. Ni Ibrahimu. Mwanzo 12 inasimulia alivyomwambia Sara aseme ni dada yake ili yeye asiuawe huko Misri. Tukifika sura ya 20 amerudia mchezo uleule kwa mfalme mwingine, na alipobanwa akajitetea kwamba Sara ni dada yake kweli, wa baba mmoja, mama tofauti. Yaani neno lilikuwa sahihi! Kila herufi ilikuwa sahihi, na bado lilikuwa udanganyifu, kwa sababu alilichagua ili wasijue lile lingine. Walioumia ni nyumba ya Farao, nyumba ya Abimeleki, na Sara mwenyewe, ambaye hakuna aliyemuuliza. Nikisoma hapo naona makaratasi yetu yote, ya kwangu yakiwemo.

Nani ataumia, basi, Mama akiandika "wa kuzaa"? Hilo lina jibu la kihistoria. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilifanya majaribio ya kupima vinasaba vya waombaji wa mpango wa kuunganisha familia za wakimbizi, ule wa P-3. Walianzia Nairobi na watu wapatao 500, wengi wao Wasomali na Waethiopia, kisha wakaenda nchi nyingine za Afrika, jumla kama watu 3,000. Familia ambazo undugu wote uliodaiwa ulithibitishwa zilikuwa chini ya asilimia 20. Kwa wengine, ama angalau mtu mmoja hakulingana, ama walikataa kupimwa. Mpango ukasimamishwa mwaka huohuo na haukufunguliwa tena hadi Oktoba 2012. Takwimu hizo hazisemi ni wangapi walikuwa wameuza nafasi kwa pesa, na wangapi walikuwa mayatima kama kijana wa Mama. Mashine haijui tofauti hiyo. Lakini kwa miaka minne, mwanamke aliyeandika kweli tupu, mwenye watoto sita wa kuwazaa yeye mwenyewe, alisubiri foleni iliyofungwa. Huyo ndiye jirani wa amri ya nane. Hana sura kwetu, na ndiyo maana ni rahisi kumsahau tukiwa tunakunywa chai na mtu mwenye sura.

Jambo la pili wahandisi watalielewa haraka. Ukipima kiwanja ukakosea kimo cha bikoni ya kwanza, kila kipimo kinachofuata kinabeba kosa hilo, hata ukipima kwa uangalifu wa namna gani. Mkimbizi huomba kadi ya kijani baada ya mwaka mmoja, na kwa kawaida uraia baada ya miaka mitano. Fomu ya uraia inamtaka aorodheshe watoto wake, kisha inamuuliza kama aliwahi kumpa ofisa wa serikali habari za uongo. Kwa hiyo uongo wa mwaka 2023 hauishi mwaka 2023. Itabidi ausimamie kila mara, chini ya kiapo, na kijana naye itabidi afundishwe kumsahau mama aliyemzaa. Hilo la mwisho ndilo lililonigusa kuliko yote. Tungemfuta marehemu.

Nilipofika hapo nikakumbuka Esta. Soma Esta 2:7. Mstari mmoja unasema mambo mawili bila kuona haya: Esta alikuwa binti wa baba mdogo wa Mordekai, na Mordekai alimchukua awe binti yake. Mwandishi hakumfuta baba aliyemzaa ili kumtukuza aliyemlea, wala hakumshusha Mordekai awe "ndugu tu". Luka naye, karani makini, kwenye sura ya 3 anamwandika Yesu katika ukoo wa Yusufu, akiongeza kwamba ndivyo watu walivyodhani. Biblia inayo lugha ya mtoto wa kulea, na lugha hiyo ni kusema yote mawili.

Sasa nigeuke kidogo, maana amri hii ina upande wa pili ambao Vickery Meadow inaukumbuka vizuri. Septemba 2014 Thomas Eric Duncan, Mliberia, alifika Dallas na kukaa na jamaa zake katika apatimenti za Ivy, mtaani hapohapo. Siku chache kabla ya safari alikuwa amesaidia kumbeba jirani mjamzito aliyekuwa mgonjwa sana huko Monrovia. Uwanja wa ndege alijaza fomu kwamba hakugusana na mgonjwa wa Ebola. Tarehe 30 Septemba ikatangazwa kuwa anayo, tarehe 8 Oktoba akafariki, na wauguzi wawili waliomhudumia wakaambukizwa, wakapona. Serikali ya Liberia ilikuwa imeshatangaza kumshtaki kwa uongo. Jamaa zake walisema hakujua kwamba yule dada alikuwa na Ebola. Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, inapoeleza amri ya nane haiishii kwenye kutodanganya. Inatutaka tumtetee jirani na kuyapokea mambo yake kwa maana iliyo njema kadiri inavyowezekana. Kumwita marehemu mwongo bila kujua alichojua ni kuivunja amri ileile tunayodai aliivunja. Wapo waliowatazama watu wote wa mtaa ule, hata Waburma, kama vile wamebeba Ebola mfukoni. Huo nao ulikuwa ushahidi wa uongo.

Kwa hiyo simwiti Mama mwongo, na nisingependa msomaji amwite hivyo. Tena mimi ni nani? Nilipoomba viza nilitakiwa kuonyesha kwamba kuna pesa za kunisomesha. Rafiki wa baba aliweka pesa kwenye akaunti yetu kwa siku nne, tukapata taarifa ya benki nzuri sana, kisha akazitoa. Barua yake ya udhamini ilisema yeye ni mjomba wangu. Nilikuwa namwita mjomba tangu utoto, kwa hiyo, kama Ibrahimu, neno lilikuwa sahihi. Sijui nani alinyimwa viza wiki ile kwa sababu akaunti ya baba yake ilionyesha pesa za kweli. Najua wengi mnaosoma hapa mna mjomba wa namna hiyo. Sisemi zaidi, gazeti hili linasomwa na watu wengi.

Nilirudi kwa Mama Jumamosi iliyofuata, nikamwambia sitatia sahihi "wa kuzaa", ila nitakwenda naye kwa wakili wa shirika linalosaidia bila malipo. Hakunipa chai. Wakili alisoma, akathibitisha kwamba fomu ile haimfai kijana, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliuliza: kwa nini kijana hakutajwa kwenye faili la kambini? Ilikuwa hivi: majirani walimwambia Mama kwamba mtoto asiye wa kuzaa atachelewesha faili, kwa hiyo akamwacha kwa bibi akitegemea kumfuata baadaye. Kumbe UNHCR ina utaratibu wa kutathmini nini kinamfaa zaidi mtoto aliyetengana na wazazi wake, na mtoto anayelelewa na mama mkubwa huingia humo. Ungechelewa kweli, lakini mlango ulikuwepo. Aliogopa kweli mara ya kwanza, akajaribu uongo mara ya pili, kwa mtoto yuleyule na kwa upendo uleule.

Tukaandika maelezo marefu: mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu hajaota meno, ambaye sikumtaja nilipohojiwa, na sababu ni hii. Hapo sahihi yangu niliitia bila kusita. Yakaenda. Mwaka 2024 kijana akaitwa kuhojiwa, akaitwa tena. Tarehe 20 Januari 2025 amri ya rais mpya ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na faili la kijana halijasogea tangu hapo.

Mkenya wangu hakusema "nilikuambia", ila najua anawaza. Inawezekana kabisa kwamba tungeandika "wa kuzaa" mwaka 2023, wasingemwomba kipimo, na leo kijana angekuwa anapanda lile basi la njano la shule pale Park Lane. Nimelipiga hesabu hili usiku mwingi. Bado nisingetia sahihi. Lakini siwezi kumwambia Mama kwamba kweli ilimlipa, maana haijamlipa, na Zaburi ya 15 inaposema juu ya mtu anayeapa kisha asibadili ingawa amepata hasara, haikusema hasara itarudishwa lini. Tena hasara hii siyo mimi niliyeipata.

Mama alikaa miezi mingi ananisalimia kwa mbali. Mwezi uliopita alinipigia mwenyewe: barua ya shule ya binti yake, njoo usome. Nikaenda. Kulikuwa na chai. Simu yake ikalia, ni Nyarugusu, akaigeuza upande wangu nikaona uso wa kijana mwenye sauti iliyokwisha kuvunjika.

"Msalimie kaka yako," Mama akamwambia.

"Shikamoo kaka."

Nikaitika.